Arubaini ya Asmaa

Sisi watu wa Lwambi Juu tunapendana. Mtu akikohoa kwetu, jirani ameshabandika tangawizi jikoni kabla hajakohoa tena. Sisemi hivi kwa kujisifu, kujisifu si tabia yangu, waulizeni wanaonijua. Nasema kwa sababu kuna maneno yanazunguka hapa Mbeya mjini kwamba mwanangu Asmaa alitoroka nyumbani kwangu na mtoto mchanga, arubaini haijaisha, kama mtu aliyeiba kuku. Hakutoroka. Aliondoka mchana kweupe, akapita njia kuu. Kwamba hakuna aliyemwona ni jambo jingine, nitalieleza zamu yake ikifika.

Kwanza muujue mtaa. Tuko kwenye mteremko wa mlima, mji wote uko chini yetu, na mwezi wa sita baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Sisi Waislamu tuko nyumba chache. Wazee wetu walipanda huku zamani na biashara ya nguo na chumvi, wakaoa, wakajenga, wakasahau kurudi pwani. Wengine wote ni wakulima wa Kisafwa, Wakristo, wanalima viazi juu huko na kuteremka navyo asubuhi. Hatubaguani hata kidogo. Msiba ukiwa wa Mkristo, mchele napima mimi. Maulidi ikiwa yetu, masufuria yanasimamiwa na Lusia, ambaye kanisani kwao ni mwenyekiti wa kina mama. Mume wangu Muhidini alipofariki, nyumba yangu haikuwa na pa kuweka mguu kwa mwezi mzima. Kama nililala mwezi ule sikumbuki. Watu nawakumbuka.

Utaratibu wa kutembelea wagonjwa niliuweka mimi mwenyewe, Bibie, pamoja na Lusia. Kila kichochoro kina siku yake, na asiyekwenda tunamfuata kumuuliza ana nini. Kulikuwa na bwana mmoja alihamia kutoka Iringa, yeye na mlango wake, mlango wake na yeye. Upepo ulipoezua bati zake, hakuna aliyemshikia ngazi. Tulisimama tu upande wa pili wa barabara tukimpa pole. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe na debe la viazi kuomba radhi, na leo ndiye anayeongoza kwa kutembelea, anafika kwa wagonjwa hata kabla ya nesi. Upendo bila kusukumwa kidogo hauendi.

Sasa Asmaa. Ni mtoto wangu wa pekee. Aliolewa na Junaid, kijana mpole, mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Madibira, bondeni Mbarali, kwenye mashamba ya umwagiliaji. Mimba ya kwanza ikatoka huko. Ya pili ikatoka huko huko. Ya tatu iliposhika, nikasema basi, hii atajifungulia kwangu. Desturi yetu ndiyo hiyo: mwanamke anarudi kwa mama yake, anajifungua, anakaa ndani arubaini, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, siku ya arubaini anatoka amenawiri na watu wanakula pilau. Na niseme ukweli wote, nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka asirudi Madibira tena. Nilishapaka rangi chumba cha uani, nimenunua kitanda kipana, na Junaid nilishamdokeza kwamba mashine za kukoboa hata Mbeya zipo. Nyumba bila mtoto anayelia ni kaburi lenye madirisha, na mimi nilikuwa nimekaa humo peke yangu tangu Muhidini aondoke.

Alijifungua salama, mtoto wa kiume, Hamza, lakini kwa kisu. Nesi pale hospitali alinishika pembeni, binti mdogo tu, akaniambia huyu mzazi amepoteza damu nyingi, asikandwe na maji ya moto, alale, wageni wawe wachache. Nikamwitikia vizuri, mimi si mbishi. Siku ya kwanza nikaruhusu kichochoro chetu peke yake.

Kichochoro cha pili kikanuna. Lusia akaja kuniambia, "Mama Asmaa, huko nje watu wanasema unawabagua. Mtoto ni wa mtaa, si wa ukoo." Alikuwa na haki. Nikafungua mlango.

Walikuja, jamani. Walikuja na ndizi, na maziwa, na sabuni za mche, na kuni, na khanga zingine bado zina karatasi ya dukani. Nani ana mtaa kama huo? Mgeni akiingia kwetu mzazi anakaa kitako ampokee, maana kumpokea mtu umelala ni dharau. Kisha mtoto anatolewa kwenye nguo aonekane. Kisha mgeni anasimulia yeye alivyojifungua, kwa sababu mzazi mpya anahitaji kutiwa moyo. Mama Esnath, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alisimulia watoto wake wote mmoja mmoja, na akakawia zaidi kwa yule aliyefariki. Asmaa alikaa kitako, mkono mmoja kwenye mshono, anatikisa kichwa.

Wasafwa wakisalimiana asubuhi wanasema "mwagona", yaani kuulizana mmelala. Basi kila aliyeingia kumwamsha Asmaa alimuuliza kwanza kama amelala. Yeye anajibu amelala, angesema nini? Mtu hawezi kumjibu mgeni vibaya.

Siku moja Junaid alitoka Madibira kuja kumwona mkewe. Akaweka kigoda mlangoni akakaa. Lusia na wanakwaya wake wanapanda ngazi, yeye anasimama, anasema kwa adabu zote, "Shikamooni mama zangu. Mzazi amelala."

"Marahaba mwanangu," Lusia akajibu. "Tutamsubiri aamke."

Wakakaa sebuleni, kiti kwa kiti, wengine chini kwenye mkeka. Na kwa kuwa kukaa kimya ni kuchosha, wakaimba. Kwa sauti ya chini, sikatai. Kwa mapenzi kabisa. Junaid aliniangalia mimi, na mimi nikamwangalia kwa jicho la kumwambia kwamba wanaume hawajui mambo haya. Asmaa akatoka mwenyewe chumbani, anashika ukuta, anatabasamu.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo alipokuja yule binti wa utafiti, Rozalia, kutoka chuo kimoja cha Iringa. Walikuwa wanazunguka mitaa ya Mbeya na Iringa kutafuta kwa nini watu wa mtaa huu wana raha na wa mtaa ule hawana. Mtaa wetu walikuwa wameusikia sifa zake hadi huko kwao. Akakaa uani kwangu na kishikwambi chake mapajani, na kina mama wote wakamzunguka. Akauliza, "Ni mara ngapi mnajisikia mko peke yenu?" Mama Esnath alicheka mpaka akajishika ukuta. Peke yetu, kwetu? Hata chooni mtu anakugongea kukujulia hali.

Rozalia akaomba aongee na mzazi, eti kila mkaazi ana haki ya kusikilizwa. Akaingia chumbani, akakaa kitambo. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi wa jiko. Akafunga mlango nyuma yake taratibu, akakaa tena uani, akaanza maswali upya. Na maswali ya safari hii yalikuwa marefu, sijapata kuona. Aliuliza nyumba moja moja. Nani alimsaidia nani, lini, kwa nini, na huyo aliyesaidiwa alijisikiaje, na aliyesaidia alijisikiaje, na majirani walipoona walijisikiaje. Mchana kutwa hadi jua likazama. Hakuna aliyeondoka, maana kila mtu alitaka kusikia wenzake wanasema nini juu yake. Nikasema moyoni, huyu binti ana bidii ya kazi, siku moja atakuwa profesa.

Baada ya hapo Asmaa akapandwa na homa. Mshono ukaanza kutoa maji. Tukarudi hospitali, wakamsafisha, wakampa sindano, wakarudia maneno yao yale yale ya kulala. Tukarudi naye nyumbani, na mtaa ukapata habari kwamba amezidiwa. Mnafikiri watu wa kwetu mtu akizidiwa wanakaa kwao? Waliokuwa wakija mara moja wakaja asubuhi na jioni. Vichochoro viwili vikaungana siku moja. Wakaleta maombi, mimi nikaleta kisomo, vikapishana sebuleni bila ugomvi wowote. Kadiri alivyokonda ndivyo walivyoongezeka. Maziwa yakapungua, mtoto akawa analia usiku na mchana, na kila mmoja akatoa ushauri wake, na kila ushauri ulikuwa na bakuli lake la uji.

Jioni moja nilipokuwa namfuta jasho, Asmaa akaniambia, "Mama, naomba siku moja."

"Siku moja ya nini?"

"Ya kutoonwa."

Nikamwambia, "Mwanangu, watu watatuonaje?" Akageukia ukutani. Nilikasirika, siwezi kuficha. Watu wanaacha mashamba yao, wanaacha viazi vinaoza, wanakuja kwa ajili yako, na wewe unageukia ukutani. Nikatoka kuwapokea wengine.

Kisha Mzee Ezekia akafariki, mzee wa kanisa, mtu mkubwa kabisa pale mtaani. Siku ya mazishi tukapanda wote mlimani. Nasema wote. Maduka yalifungwa, hata fundi baiskeli alifunga, hata mbwa walitufuata. Mzazi hatoki nje arubaini haijaisha, kwa hiyo Asmaa nilimwacha na chupa kubwa ya uji, nikamwambia tutarudi jioni. Akaniangalia kwa namna fulani, akasema, "Mama, mzikeni vizuri, msiharakishe." Nikaona, ahaa, mtoto ameanza kurudiwa na adabu.

Tuliporudi, kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hamza hayupo, nguo zake hazipo. Chupa ya uji ilikuwa tupu, imeoshwa, imegeuzwa kwenye kichanja ichuruzike. Nilikuja kujua baadaye: Junaid alikuja na pikapu ya kuazima, wakateremka barabara yote ya mtaa, mchana, polepole, na hapakuwa na jicho hata moja la kuwaona. Ndiyo maana nasema hakutoroka. Mtu anayetoroka haoshi chupa.

Mtaa uliumia. Lusia alilia kabisa, "Mwenzetu tumemkosea nini?" Nami nilikaa chini sakafuni kwenye kile chumba nilichokipaka rangi, nikalia kama nimefiwa. Basi wakaja kunifariji. Walinifariji siku hadi siku, kwa zamu, kwa vichochoro, wakakaa nami tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku, hata nikakosa nafasi ya kumpigia mwanangu simu. Nikiinua tu simu, mtu ananishika mkono ananiambia, Mama Asmaa, pole.

Mwisho nikafunga begi. Nikawaambia nakwenda kumrudisha, amalizie arubaini yake kwetu mbele ya watu, na aibu iishe. Wakanisindikiza mpaka stendi, wote. Konda akauliza ni harusi ya nani.

Madibira ni joto. Ukitoka kwenye baridi yetu unajiona umevaa blanketi la mtu mwingine. Mashamba yamepimwa vipande vipande, maji yanapita kwenye mifereji, na ilikuwa msimu wa kuvuna, watu wameinama mpungani tangu alfajiri. Nikasalimia njia nzima. Walinijibu vizuri, wakaendelea kukata. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi, nakwenda kwa nani, nimebeba nini kwenye begi. Nikasema moyoni, mwanangu anaishi na mawe.

Nyumba yao iko nyuma ya mashine. Na mashine ile, jamani, inanguruma kutwa, pumba zinaruka hewani, bati zinatetemeka. Nikajua nitamkuta mtoto kapasuka masikio. Mlango umefungwa. Nimeinua mkono nigonge, akapita mama mmoja wa Kisangu na mzigo wa mpunga kichwani, jirani yao, Mama Joachim. Akachuchumaa bila kuutua ule mzigo, akaweka bakuli la samaki wa kuchemsha pale kizingitini, akalifunika na kawa, akainuka.

Nikamwambia, "Karibu ndani basi umsalimie mzazi."

"Mlango umefungwa, mama. Amelala."

"Sasa utajuaje hali yake?"

Akanitazama kama mgeni kweli. "Jioni nikipita nalichukua bakuli. Likiwa tupu, amekula. Kama lina kitu, nagonga." Akaenda zake.

Huko ndiko kutembeleana kwao. Bakuli. Nilisimama pale damu inanichemka. Mtu anakwenda kumjulia hali bakuli.

Nikausukuma mlango. Asmaa alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala alipokuwa msichana mdogo. Hamza kalala kifuani kwake. Mashine inanguruma na wao wamelala. Nilikaa kwenye kigoda nikiwaangalia. Mashavu yalikuwa yamerudi. Khanga ya kifuani ilikuwa imelowa maziwa, yamejaa mpaka yanamwagika. Nikahisi furaha, na papo hapo nikahisi nimetukanwa.

Alipoamka hakushtuka. Akasema, "Shikamoo mama," akaendelea kulala vilevile, hakukaa kitako. Akanisogezea Hamza mkononi. Nilikuwa nimekuja na hotuba nzima, nikaitoa. Nikamwambia ameniaibisha, mtaa mzima unalia, mama Lusia hali vizuri, watu wanasema mimi nimeshindwa kumlea mzazi.

"Mama, kwani nani aliyekuwa mzazi?" akaniuliza. Hakuuliza kwa jeuri.

"Na hapa ukifa nani atajua?"

"Mama Joachim ataona bakuli halijaguswa."

"Na kule?"

"Kule nisingekufa peke yangu. Hilo nakubali." Akacheka kidogo, akajishika mshono, lakini haukuwa unamuuma tena, ilikuwa mazoea tu. "Mama, kule kwenu watu wananipenda. Walinipenda mpaka maziwa yakakauka. Siku niliyolala vizuri ni moja tu, alipokuja yule Rozalia. Nilimwomba awaulize maswali marefu. Nikamwambia, dada, uliza chochote, ila wasiingie humu mpaka jioni. Akalia, akaenda kuuliza."

Nilitaka kugomba. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini mtoto alikuwa mzito na wa moto mkononi mwangu, na ile mashine inanguruma, haikuulizi kitu, haikusalimii, haitaki uji wako. Nikaegemea ukuta ili niipange hasira yangu vizuri. Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba, mtu amenifunika shuka, na bakuli la Mama Joachim lilikuwa limeondolewa.

Nikasema nitamrudisha kesho. Kesho ikafika nikasema akipata nguvu zaidi. Nilikuwa namwogesha Hamza, nampikia mama yake samaki, nalala mchana bila haya. Kizunguzungu changu cha kila asubuhi, ambacho nilidhani ni umri, kikaniacha sijui lini. Simu niliitia kwenye begi chini ya nguo. Nilianza hata kuwaza kile kitanda kipana, kwamba kinaweza kupakiwa kwenye lori la mpunga likirudi tupu. Lakini sikuwaza kwa sauti. Mtu wa Lwambi Juu hawezi kuhamia mahali ambapo watu wanasalimia bakuli.

Asubuhi moja, katika kutafuta khanga, nikaikuta simu inaita. Lusia.

"Tumeshajua, Mama Asmaa. Usitufiche."

"Mmejua nini?"

"Mnaumwa wote wawili. Mtu mzima na akili zake hawezi kukaa huko kimya hivyo kama ni mzima. Tumekodi Kosta. Sasa tuko Rujewa tunakunywa chai, halafu tunakuja. Tumebeba masufuria, na magodoro, na kwaya yote iko. Mama Esnath anasema tutakaa mpaka mpone."

Asmaa alisikia, maana sauti ya Lusia haihitaji spika. Alimlaza Hamza pembeni, akajiinua taratibu, akakaa kitako kitandani, akaanza kuikaza khanga kifuani vizuri, kama mtu anayepokea wageni. Na mkono mmoja ukashuka wenyewe ukakaa kwenye mshono. Moyo wangu uliniuma pale, na sina maneno mengine ya kusema zaidi ya hayo, uliniuma.

"Lala," nikamwambia.

"Mama, wamekodi gari. Wametoka Mbeya na magodoro. Hawawezi kurudi bure, bila mgonjwa. Utawaambia nini?"

Ilikuwa kweli. Nawajua, niliwafundisha mwenyewe. Watu waliobeba masufuria umbali ule wanahitaji mgonjwa, na wakimkosa mmoja watamtafuta mwingine. Nikambusu Hamza kwenye paji, nikachukua begi langu, nikamwambia Asmaa afunge mlango kwa ndani. Nikatembea mpaka barabarani, nikakaa juu ya gunia la pumba, nikavua viatu, nikajifunga ushungi vibaya makusudi. Kosta ilipotokea inatimua vumbi, nikajilegeza.

Lusia aliruka kabla gari halijasimama vizuri. "Mama Asmaa, nini tena?"

"Presha," nikasema. "Kizunguzungu. Naona watu wawili wawili. Nirudisheni nyumbani haraka, msipoteze muda."

"Na Asmaa?"

"Yuko kwa wakwe zake Idodi. Mzima kabisa. Mimi ndiye mgonjwa."

Sijawahi kusema uongo mkubwa hivyo nikaaminiwa upesi hivyo. Walifurahi, hawakuonyesha, lakini nawajua. Walinibeba wanne wanne, wakanilaza kwenye kiti cha nyuma, wakaweka kichwa changu mapajani kwa Mama Esnath, Kosta ikageuza. Wakaniimbia mpaka Mbeya.

Sasa mimi ndiye ninayeuguzwa. Wamenilaza kwenye kile chumba cha rangi, kwenye kile kitanda kipana, kwa sababu kina nafasi ya watu kukaa pembeni. Wanakuja asubuhi na jioni. Mimi nakaa kitako kuwapokea. Nakunywa uji wa kila bakuli, maana bakuli likibaki na kitu mwenyewe ataumia. Mama Esnath ananitia moyo kwa kunisimulia watu aliowajua waliokufa kwa presha. Siku niliyojaribu kusema nimepona, Lusia aliwageukia wenzake akatikisa kichwa, akasema shangazi yake naye alisema hivyo hivyo, na kesho yake wakamzika. Wakaongeza zamu. Wakamleta na nesi wa mtaa anipime, akafunga ule mpira mkononi, akausoma, akaurudia. Presha ilikuwa imepanda kweli, na sana. Nilishangaa, kwa sababu kule barabarani ilikuwa haipo.

Jana Asmaa alipiga simu. Chumba kilikuwa kimejaa, wengine wamesimama dirishani. Lusia akanishikia simu sikioni, maana mgonjwa hachoshwi mikono.

"Mama, leo arubaini yangu imeisha," akasema. Nilimsikia Hamza nyuma yake anagugumia, na mashine. "Junaid anasema nije. Nikuuguze, tukae na wewe huko, hata moja kwa moja kama unataka. Nimeshapata nguvu. Nimlete Hamza?"

Wote walikuwa wananiangalia mdomoni. Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo tangu siku anaolewa. Nilimwona amekaa kwenye ukingo wa kitanda hiki hiki, mtoto mapajani, nyumba yangu ina kilio cha mtoto asubuhi. Nilitaka aje leo hii, kabla jua halijazama.

"Usije, mwanangu," nikasema. "Baki huko huko. Usije mpaka nikwambie."

Lusia alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akawaambia wenzake, mnaona moyo wa mama, hataki hata kumsumbua mtoto wake. Wakatikisa vichwa wote. Kisha akaniingizia mkono mgongoni akaninyanyua nikae vizuri, kwa sababu kichochoro cha pili kilikuwa kimeshafika mlangoni.